Shimo Nyuma ya Altare

Anayezuru makanisa ya Lalibela, katika nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, hufika akitafuta kuba au mnara wa kumwelekeza njia, asione kitu. Kanisa la Mtakatifu Giorgis, Bete Giyorgis, halionekani mpaka mtu asimame ukingoni na kuinamisha kichwa. Paa lake lenye umbo la msalaba liko usawa wa nyayo zake, na kanisa lenyewe limesimama chini ya hapo, ndani ya shimo. Mafundi wake hawakujenga, walichimba. Walianzia paani wakateremka hatua kwa hatua mpaka sakafuni, wakaacha kanisa zima la jiwe moja likiwa bado limeshikamana na mwamba uliolizaa. Makanisa 11 yalichongwa hapo mwambani, na mapokeo ya Waorthodoksi wa Ethiopia huyahusisha na mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Padri Mreno Francisco Álvares alipoyaona katika miaka ya 1520 alisita kuendelea kuyaeleza, kwa hofu kwamba wasomaji wa kwao wangemwita mwongo.

Tabaka nako kuna mashimo, ila huko hakuna mlinzi mlangoni wala anayeambiwa avue viatu. Ni kituo kidogo cha biashara na vijiji vyake katika Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, upande wa kusini-magharibi wa mji wa Kisii, pale milima ya Abagusii, yaani Wakisii, inapoanza kuteremka kuelekea Migori. Migomba imefunika mabonde na miwa imesogea hadi kando ya barabara. Katikati ya kijani hicho chote ardhi hupasuka ghafla na kuonyesha weupe. Machimbo yanayotajwa zaidi ni ya Nyabigena. Anayesimama ukingoni huwaona watu chini kabisa, migongo imepauka kwa vumbi, sururu zikipanda na kushuka.

Lalibela, wachongaji walibeba kifusi wakakitupa mbali, kanisa likabaki shimoni. Tabaka, kilichochongwa ndicho kinachoondoka, na shimo ndilo linalobaki.

Tofauti hiyo inafaa kushikwa na yeyote anayependa kuzuru nyumba za ibada za kale. Msafiri akiingia katika kanisa kuu hutazama kilichosimama: nguzo, madirisha, ikoni zilizopangwa mbele ya patakatifu. Huuliza mfalme gani alitoa fedha na askofu gani aliliweka wakfu. Ni mara chache aulize jiwe lilitoka shimo gani, lilibebwa na nani, na huyo aliyelibeba alikula nini siku hiyo. Tabaka ni shimo la namna hiyo, na bado linachimbwa leo. Majibu ya maswali hayo hayahitaji kutafutwa katika nyaraka zilizooza, kwa maana wenye kuyajibu wameketi kivulini, kisu mkononi.

Jiwe lenyewe kwa Kiswahili huitwa jiwe la sabuni, kwa kuwa likisuguliwa huteleza kiganjani kama kipande cha sabuni kilicholowa. Nairobi na Mombasa wauzaji wengi husema tu jiwe la Kisii, na mnunuzi akaelewa. Kwa Ekegusii jiwe lolote ni rigena, na mengi ni amagena. Lakini mchongaji wa Tabaka hasemi jiwe kwa jumla kama mkulima asivyosema mbegu kwa jumla. Kuna jeupe, lenye rangi ya maziwa, la waridi, la manjano, la kijivu, la kahawia, na jeusi ambalo ni adimu. Rangi hutokana na madini yaliyojichanganya nalo, hasa chuma, na kila rangi ina tabia yake chini ya kisu. Vipande vilivyo laini zaidi hukwaruzika hata kwa kucha. Vingine vina mishipa migumu inayoweza kukipasua kinyago kikiwa kimebakiza saa moja kukamilika. Kwa hiyo mnunuzi wa bonge hulinyanyua, hulizungusha, hulilowesha kwa maji ili nyufa zijitokeze, kisha huligonga na kutega sikio. Jiwe zima hulia. Lenye ufa hujibu kwa sauti iliyokufa.

Kazi ya shimoni ni ya wanaume, na zana zake ni zilezile za shambani na barabarani: sururu, jembe, mtaimbo, sepetu. Kwanza huondolewa udongo wa juu, wakati mwingine kimo cha watu wawili watatu kabla jiwe zuri halijaonekana. Kisha mtaimbo husukumwa kwenye mwanya wa asili na bonge hubanduliwa. Linapandishwa juu kwa mabega au kwa mikono inayopokezana, hukatwa kwa msumeno wa kawaida wa mbao, na kugawanywa kwa ukubwa wa kazi iliyoagizwa. Jiwe lililotoka ardhini karibuni bado lina unyevu na hukatika kwa urahisi. Likikaa juani huwa gumu zaidi, na mchongaji mwenye busara hafukui leo jiwe la mwezi ujao.

Abagusii walilijua jiwe hili kabla ya mzungu yeyote kulitia bei. Walichonga kiko za wazee na bakuli ndogo. Unga wake mweupe ulipakwa mwilini kama urembo na katika shughuli za jando na ibada, mahali ambapo jamii nyingine za Afrika Mashariki hutumia chokaa au udongo mweupe. Mungu wao waliyemwita Engoro hakuwa na hekalu la jiwe. Ibada ilikuwa nyumbani, pamoja na wahenga wa ukoo, na jiwe lilishiriki likiwa unga juu ya ngozi ya binadamu. Anayesema kwamba uchongaji wa Tabaka ulizaliwa na utalii amelisahau jambo hilo, na ni kosa linalorudiwa mno katika maduka ya Nairobi.

Tena Abagusii hawakuwa peke yao kuona kwamba jiwe hili linafaa ibada. Inashangaza jinsi watu wasiojuana kabisa walivyolichagua kwa kazi ileile. Ndege maarufu wa Zimbabwe Kuu, waliokuwa wamesimama juu ya nguzo zao ndani ya kuta za mawe, walichongwa kwa jiwe la sabuni. Kanisa kuu la Nidaros, mjini Trondheim nchini Norway, lililoanza kujengwa mwaka 1070 juu ya kaburi la mfalme mtakatifu Olav, sehemu yake kubwa ni jiwe hilohilo. Huko Congonhas, Brazili, kati ya 1800 na 1805, fundi aliyejulikana kama Aleijadinho alichonga manabii 12 wa Agano la Kale kwa ajili ya ngazi za kanisa la mahujaji. Ugonjwa ulikuwa umemla vidole, na inasimuliwa kwamba zana zilifungwa mikononi mwake kwa kamba ili aendelee.

Ila waliolipa jiwe hili heshima ya juu kabisa ni Waorthodoksi wa Bizanti. Kuanzia karne ya 10 hadi karne ya 14, mafundi wao walilichonga ikoni, nyingi ndogo za kutosha kiganja, za Kristo, Bikira Maria na watakatifu askari kama Giorgis na Demetrio. Walilipenda lenye ukijani hafifu, na wakati mwingine walilipamba kwa dhahabu. Wataalamu wa sanaa hulieleza chaguo hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei: pembe za ndovu, ambazo nyingi zilitoka Afrika, zilikuwa ghali na zilipungua kadiri karne zilivyokwenda. Ya pili ni jina. Wagiriki waliliita jiwe hilo amiantos, yaani lisilo na doa, neno linalofaa sana kwa sura ya Mama wa Mungu. Jiwe laini, rahisi, linaloteleza kama sabuni, likabeba maana ya usafi wa moyo.

Kanisa kuu la Toledo, nchini Hispania, linayo ikoni mojawapo ya jiwe hilo, yenye Sikukuu 12 za mwaka wa kanisa zilizobanwa katika ubao mmoja mdogo. Nyingine mashuhuri iko katika monasteri ya Xeropotamou kwenye Mlima Athos, Ugiriki. Ni kisahani cha mviringo chenye Bikira Maria katikati, na duru za malaika na mitume kumzunguka. Nusu ya wasafiri wa dunia hawatakiona kamwe mahali kilipo, kwa kuwa mwanamke haruhusiwi kukanyaga Mlima Athos. Na mafundi waliovichonga vitu hivyo, karibu wote, hawakuandika majina yao.

Kenya nayo ina Waorthodoksi, ingawa hawakuja kwa njia ya Kisii. Mwaka 1935 Daniel William Alexander, askofu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika kutoka Afrika Kusini, aliitwa na Wakikuyu waliokuwa wameanzisha shule huru baada ya kutofautiana na wamishenari kuhusu tohara ya wasichana. Alikaa hadi 1937, akafundisha na kuweka wakfu mapadri, miongoni mwao Arthur Gatung'u Gathuna. Mwaka 1946 Waorthodoksi hao wa Afrika Mashariki walitambuliwa na Patriaki wa Alexandria. Wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilifunga makanisa na shule zao, na Gathuna akatiwa kizuizini. Askofu mkuu Makarios wa Tatu wa Cyprus, ambaye Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli mwaka 1956, alipita Nairobi mwaka uliofuata akiwa njiani kutoka huko. Mwaka 1971 alirudi akiwa rais wa nchi yake, akabatiza maelfu na kuanzisha ujenzi wa seminari huko Riruta. Historia hiyo ni ya Kiambu, Murang'a, Nyeri na Buluyia.

Gusii ilipata wageni wengine, na haikuwapokea kwa nyimbo. Januari 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki afisa Mwingereza, Geoffrey Northcote, akitiwa moyo na Moraa, mwanamke mganga anayekumbukwa hadi leo. Northcote alipona, na kikosi cha askari kilichotumwa kulipiza kisasi kilichoma nyumba na kuteka ng'ombe. Mwaka 1911 wamishenari wa Kikatoliki wa Mill Hill waliweka kituo Nyabururu. Mwaka 1912 Waadventista walifungua chao Nyanchwa. Wajerumani walipouvamia mji wa Kisii na kupigana na Waingereza tarehe 12 Septemba 1914, wenyeji waliona wazungu wakiuana kwa mara ya kwanza, na katika ghasia zilizofuata vituo vya misheni viliporwa. Hata hivyo dini hizo mbili zilibaki na kuota mizizi. Mwaka 1960 Kisii ikawa jimbo la Kikatoliki, na askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, aliyekuja kuwa kardinali wa kwanza wa Kenya. Tabaka yenyewe leo inajulikana kwa mambo mawili, jiwe na hospitali ya misheni, na kwa wagonjwa wengi wa Gusii jina hilo humaanisha hospitali kwanza.

Kati ya makanisa hayo mawili kuna hitilafu inayomgusa mchongaji moja kwa moja. Mkatoliki ana sanamu kanisani, na Mwadventista hana. Gusii ni ngome ya Waadventista, na si ajabu mtu kuchonga Mariamu na Yusufu kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, kisha Jumamosi akaketi katika kanisa ambalo kuta zake hazina sura yoyote. Hakuna anayeona mgongano. Kazi ni kazi, na Sabato ni Sabato. Lakini anayetafuta historia ya dini katika Gusii angefanya vyema kuitazama mikono hiyo kabla ya kufungua vitabu vya misheni.

Biashara ilikua polepole. Maafisa wa kikoloni na wamishenari walinunua vibakuli na vinyago vya kupeleka kwao, wachuuzi wakavipeleka mijini, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 watalii walipoongezeka, jiwe la Kisii likajaa mezani kando ya barabara na katika masoko ya Nairobi na pwani. Viboko, vifaru, seti za sataranji, sahani za kuwekea sabuni, mayai ya kupamba meza, watu wawili wanaokumbatiana wakawa duara moja. Kisha yakaja maagizo ya nje, na hapa kanisa linarudi kwa mlango wa nyuma.

Mashirika ya biashara ya haki yaliyoibeba kazi ya Tabaka hadi Marekani na Ulaya, mengi yalizaliwa makanisani. Ten Thousand Villages, kwa mfano, ilianzia mwaka 1946 kwa Edna Ruth Byler, mwanamke wa kanisa la Wamennonite, aliyekuwa akiuza darizi za wanawake wa Puerto Rico kutoka kwenye gari lake. Wanunuzi wa namna hiyo waliagiza kitu ambacho hakuna mtalii wa Mombasa angekibeba mfukoni: hori la Krismasi. Mtoto Yesu, Mariamu, Yusufu, wachungaji, mamajusi watatu, ng'ombe, punda na kondoo, vyote vya jiwe. Kwa kuwa shehena husafiri kwa bahari kutoka Mombasa, Krismasi ya Tabaka huanza miezi mingi kabla ya Desemba. Mamajusi huchongwa mahindi yakiwa bado machanga shambani.

Kumtazama mtu akichonga mmoja wa mamajusi hao ni jambo la kutulia. Mchongaji huketi chini au juu ya kigoda, gunia limetandikwa mapajani, jiwe limebanwa kati ya nyayo au magoti. Pigo la kwanza ni la panga au tezo, kubandua yasiyohitajika. Kisha kisu huingia, na hakikati kwa kusukumwa mbele tu. Hugeuzwa, huvutwa, ncha yake huzungushwa penye jicho. Vumbi hudondoka kama unga wa sima. Hakuna mchoro. Vipimo viko kwenye kidole gumba, na majusi wa tano hulingana na wa kwanza kwa urefu. Tupa hulainisha mabega. Dakika kadhaa tu, na uso uko pale, ukiwa na makovu ya chuma bado.

Hapo kazi huvuka ua na kuingia mikononi mwa wanawake. Mbele yao kuna beseni la maji lililogeuka kama maziwa. Kinyago huzamishwa na kupigwa msasa, wa kukwaruza kwanza, kisha wa wastani, kisha ule laini kabisa, na kila mara huoshwa ili alama za msasa uliotangulia zionekane na kufutwa. Maji hayo ndiyo huamsha rangi. Jiwe lililokuwa la kijivu kikavu hufunua mishipa ya waridi ambayo hata aliyelichonga hakuijua. Baadaye hukaushwa juani, hupakwa nta na kusuguliwa kwa kitambaa mpaka ling'ae, au hutiwa rangi na kuchorwa nakshi kwa ncha ya chuma.

Mgeni akimwamkia mmoja wao, "Bwakire, mama," na kuuliza kama hiki amekichonga yeye, jibu la kawaida ni kwamba mzee ndiye aliyechonga. "Mimi nasugua tu."

Hiyo "tu" imebeba siku nzima. Ngozi ya vidole huisha mapema kuliko msasa, na kinyago kisichosuguliwa hakina mnunuzi. Hata hivyo malipo ya kusugua, kwa kawaida, huwa chini ya malipo ya kuchonga. Hili halina maelezo mazuri, na halifai kutafutiwa.

Kuna mahali pengine ambapo wanawake waliligusa jiwe la sabuni kwa ajili ya ibada, na hadithi yao inafaa kusimuliwa Tabaka. Sanamu ya Kristo Mkombozi inayotazama mji wa Rio de Janeiro, iliyozinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931, ndani ni zege. Nje imefunikwa kwa vipande vidogo vya pembetatu vya jiwe la sabuni. Wanawake wa mjini waliketi wakivigundisha vipande hivyo kimoja kimoja kwenye kitambaa, tayari kubandikwa ukutani. Wakiwa kazini waliandika nyuma ya vipande majina ya ndugu na wapenzi wao. Mamilioni ya wasafiri wamepiga picha chini ya sanamu hiyo bila kujua kwamba imejaa majina yaliyotazama ndani.

Tabaka ina jina moja linalojulikana mbali. Elkana Ong'esa, aliyezaliwa huko mwaka 1944, alikulia miongoni mwa wachongaji, akasomea sanaa Makerere na baadaye Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada. Hakubaki na viboko vya mezani. Alichonga mawe makubwa, yakiwamo magumu ya granaiti, na sanamu yake ya Ndege wa Amani imekuwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris tangu miaka ya 1970. Ni shirika hilohilo ambalo mwaka 1978 liliyaingiza makanisa ya Lalibela katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2014, Kenya ilipokuwa mojawapo ya nchi zilizoangaziwa katika tamasha la utamaduni la Smithsonian jijini Washington, Ong'esa alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuonyesha kazi mbele ya watazamaji. Kwake neno mchongaji wa vitu vya watalii halikutosha tena, na kwa kufanikiwa kwake alionyesha kwamba halikuwatosha hata wale aliowaacha nyumbani.

Lakini mtu mmoja hawezi kuzibeba kazi za maelfu, na hapa ndipo msafiri anapopaswa kukazia macho. Wachimbaji wa Tabaka huingia mashimoni bila kofia ngumu. Mvua za masika zikipiga, maji hujaa, kingo hulowa, na ukuta wa udongo unaoning'inia juu ya jiwe zuri unaweza kuporomoka bila kutoa onyo. Watu wamefukiwa humo na kufa. Vumbi nalo huua polepole zaidi. Mchongaji aliyelivuta kwa miaka 30, bila kitambaa puani, hukohoa usiku, na familia husema ni baridi. Bei hupangwa na dalali mwenye gari. Seti inayouzwa Nairobi kwa fedha ya kutosha kulipa karo ya mtoto huondoka Tabaka kwa fedha ya unga. Vikundi vya ushirika na vya biashara ya haki, kama SMOLArt cha hapo Tabaka, vimejaribu kuwapatia wachongaji malipo bora na wanunuzi wasiokimbia. Ni juhudi za kweli na zimesomesha watoto. Bado wengi wako nje ya vikundi, wakisubiri gari la dalali lipande kilima.

Machimbo ya zamani hayakuachwa tupu. Mengine yamejaa maji ya mvua yenye rangi ya chai ya maziwa, mengine yameota magugu na miti michanga ya kujiotea, na kando ya mengine migomba imepandwa hadi ukingoni, kwa kuwa Gusii ardhi haitoshi na hakuna shubiri ya kupoteza. Kuta zake zina mistari ya sururu, juu mipana, chini iliyosongamana, kila mstari pigo moja la mtu mmoja. Lalibela kuna mistari kama hiyo kwenye kuta za mitaro, na waongozaji huwaonyesha wageni kwa mkono ulionyooshwa, wakinong'ona. Tabaka mistari hutazamwa bila malipo. Aliyeipiga wiki iliyopita anaweza kuwa anapita nyuma ya mgeni wakati huohuo, bonge begani, akiomba njia.

Shehena ikiwa tayari, ua mzima hugeuka chumba cha kufungia. Magazeti ya zamani hukunjwa, kila kondoo huviringishwa peke yake, punda huwekewa karatasi zaidi masikioni kwa kuwa huvunjika hapo. Mtoto Yesu ndiye mdogo kuliko wote, na hufungwa pamoja na Mariamu ili asipotee katika katoni. Kabla ya kufungwa, kila kipande hugeuzwa juu chini na kukaguliwa. Kwenye kitako cha baadhi kuna herufi mbili zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu, za jina la aliyechonga. Kisha hubandikwa karatasi ndogo ya kunata inayosema kimetengenezwa Kenya. Nafasi ikiwapo, hubandikwa kando ya zile herufi. Kwenye mchungaji na kwa Mtoto nafasi haipo, na karatasi hubandikwa juu ya herufi.